Kiangazi na Umeme Uliokatika: Mwongozo Kamili kwa Nyumba ya Mabati Uganda

Kuanzia Desemba hadi Februari karibu Uganda nzima hukauka. Kaskazini, kuanzia Arua na Adjumani hadi Kitgum na Moroto, ukavu huendelea mpaka Machi, na mchana, katika maeneo ya chini, joto huweza kuvuka nyuzi 35. Machi 2024 jirani zetu wa Sudan Kusini walilazimika kufunga shule kwa sababu ya joto, na hewa hiyo haisimami mpakani Elegu. Umeme nao una shida zake wakati wowote wa mwaka. Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilichokuwa kikielea Ziwa Victoria kiliziba mitambo ya bwawa la Nalubaale, Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani.

Joto likizidi, wengi hukimbilia kununua feni. Umeme ukikatika, feni hiyo haina kazi. Ushauri wetu unafuata mpangilio mwingine: kwanza paa, pili maji, tatu chakula na dawa, na umeme wa akiba mwisho. Paa lililopoozwa na jerikani zilizojaa haziulizi kama transfoma ya mtaa imeungua.

Paa

Kwa kuwa tuko kwenye ikweta, jua la saa sita mchana hupita karibu na utosi mwaka mzima, na mwezi wa tatu na wa tisa huwa wima kabisa. Kuta za kaskazini na kusini hupata jua kidogo tu. Ukuta wa mashariki hupigwa asubuhi, wa magharibi hupigwa alasiri wakati hewa yenyewe imeshachemka. Paa ndilo linalopigwa kutwa nzima. Bati lililo wazi kwenye jua kali linaweza kupita nyuzi 60, na likishika kutu au likiwa na rangi nyeusi huzidi hapo, kisha humimina joto hilo juu ya vichwa vya waliomo ndani.

Jipimie mwenyewe. Saa tisa alasiri simama katikati ya chumba, inua mkono juu. Ukihisi mkono na utosi vinaungua huku miguu iko sawa, tatizo lako ni paa, na hela ya kwanza iende huko.

Dawa ya bei nafuu ni rangi nyeupe. Tumia rangi ya maji ya akriliki ya kupaka nje, nyeupe safi. Wengine hupaka chokaa na kutia chumvi ili ishike, kama wanavyofanya ukutani. Usifanye hivyo kwenye mabati. Chumvi huleta kutu, chokaa mbichi hula zinki ya bati, na mvua za kwanza za Machi huosha vyote.

Hesabu ni hii. Nyumba ya mita 6 kwa 8 ina mita za mraba 48. Ongeza kidogo kwa mteremko, mikunjo ya bati na sehemu inayotokeza nje ya kuta, upate kama 55. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 8 kwa mkono mmoja, yaani upakaji mmoja. Mikono miwili ni lita 14 hivi, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 inatosha na kubaki ya kurudia palipochubuka.

1. Sugua mabati kwa brashi ngumu, maji na sabuni, uondoe vumbi na ukungu. Palipo na kutu piga brashi ya waya, kisha upake rangi ya kwanza ya kuzuia kutu hapo tu. Ukipaka juu ya vumbi, rangi itabanduka kama ngozi ya kitunguu.
2. Bati jipya linalong'aa halishiki rangi. Liache lipigwe na jua na mvua miezi kadhaa, au nunua rangi ya msingi iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki.
3. Paka kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi. Bati likishapata moto, rangi hukauka kabla ya kushika.
4. Acha mkono wa kwanza ukauke kabisa, kama maandishi ya ndoo yanavyoelekeza, ndipo urudie.

Unapopanda, kanyaga kwenye mistari ya misumari ambako kuna mbao chini, na utandike ubao mrefu wa kugawa uzito. Kaa mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo. Kama unakinga maji ya mvua, chagua rangi isiyo na risasi, na maji ya mvua mbili tatu za kwanza yaache yamwagike.

Baada ya rangi, dari. Plaiwudi, jipsamu, au hata mikeka ya mafunjo hufanya kazi kwa sababu zinakata miale inayotoka kwenye bati moto. Kinachosahaulika ni hewa ya juu ya dari. Acha nafasi ya angalau sentimita 30, na toboa matundu kwenye pembetatu za kuta mbili zinazotazamana, kila moja kama ukubwa wa tofali, yenye wavu wa kuzuia popo na panya. Bila matundu hayo, joto hukaa juu pale mpaka usiku wa manane na kuendelea kushuka wakati nje kumeshapoa. Mafunjo hushika moto haraka sana, kwa hiyo nyaya zote za dari zipite ndani ya mabomba, na taa isigusane na mkeka.

Madirisha yana kanuni moja: funga wakati nje kuna joto kuliko ndani, fungua wakati nje kumepoa. Kwa siku nyingi za kiangazi maana yake ni kufunga na kushusha pazia kuanzia saa nne asubuhi, na kufungua pande mbili za nyumba baada ya jua kuzama ili hewa ipite moja kwa moja. Kwenye dirisha la magharibi, turubai au mkeka ulioning'inizwa nje hufaa kuliko pazia zito la ndani, maana jua likishavuka kioo limeshaingia. Usiku weka wavu wa mbu dirishani, na usithubutu kuacha chandarua kwa sababu ya joto. Malaria haipumziki kiangazi, na wanaolala uani bila chandarua ndio huumwa zaidi. Futa vumbi kwenye wavu kila wiki mbili. Ukiziba, hewa haipiti.

Sigiri itoke nje ya nyumba. Maharage na posho (ugali) vipikwe alfajiri au jioni. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha yachemke kwa nguvu dakika 30, kisha sufuria yenye mfuniko ifungiwe ndani ya kikapu kilichojazwa nguo kuukuu au majani makavu ya ndizi kwa saa mbili hadi tatu, yatakamilika bila moto. Yakiwa bado magumu yarudishe yachemke tena. Usiyale nusu mbichi. Ila umeme ukikatika na usiku kukawa na baridi kidogo, kama kule Kabale, usiingize sigiri chumbani hata kama makaa yamegeuka majivu meupe. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, na huua waliolala.

Maji

Umeme ukikatika, pampu husimama, na baada ya saa chache bomba nalo hukauka. Akiba ya siku tatu ndiyo tunayoiona ya lazima. Kwa kunywa na kupika, hesabu lita 5 kwa mtu kwa siku: familia ya watu sita ni lita 90, yaani jerikani tano za lita 20. Ukitaka na ya kuoga, kufua kidogo na kusafisha choo, hesabu lita 20 kwa mtu, ndipo unafika jerikani 18. Anza na zile tano. Zipige alama ya rangi ili zisichanganywe na zilizowahi kubeba mafuta au kemikali, zioshe kwa sabuni na kokoto ndogo za kusugua ndani, zifunge, na uziweke kivulini. Maji yabadilishwe kila wiki.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kabisa dakika moja. Huko juu milimani, kwenye miinuko inayopita mita 2,000, dakika tatu. Makaa yakikosekana, jua la kiangazi lenyewe linatibu maji. Jaza chupa safi za plastiki zinazoonyesha, zisizozidi lita 2, zilaze juu ya bati kuanzia asubuhi kwa saa sita za jua kali. Siku ya mawingu mengi zahitaji siku mbili. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, kwa sababu tope hukinga vijidudu visipigwe na mwanga.

Anayefanya kazi juani, awe shambani au kwenye boda, anywe kikombe kimoja kila dakika 20 bila kungoja kiu. Mkojo wa rangi ya chai ni dalili kwamba amechelewa. Chai na soda zisichukue nafasi ya maji, na pombe humwongezea ukavu. Aliyetoka jasho sana au anayehara apewe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vipimo hivi vizingatiwe, kwani chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mtoto wa chini ya miezi sita haongezewi maji; anyonye mara nyingi zaidi, na mama anywe. Na mtoto anayebebwa mgongoni asifunikwe blanketi zito mchana, hata kama ndivyo tulivyozoea.

Mtu akizidiwa na joto

Wazee wanaoishi peke yao, wajawazito, watoto wadogo na wanaotumia vidonge vya kukojoza vya presha ndio wa kuangaliwa asubuhi na alasiri. Kichwa kuuma, kizunguzungu, misuli kukaza na jasho jingi ni hatua ya kwanza: kivuli, maji, kulala chali miguu ikiinuliwa.

Akianza kuongea ovyo, kuyumba kama mlevi, kupata degedege au kuzimia, na mwili unaunguza, hiyo ni hatari ya kifo ndani ya saa chache. Usisubiri gari ndipo uanze. Mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa nguvu bila kuacha, weka vitambaa vibichi shingoni, kwapani na kwenye mapaja ya ndani, na uendelee hivyo njiani mpaka hospitali. Usimnyweshe chochote kama hana fahamu. Panadol haishushi joto la aina hii. Na kwa kuwa malaria kali nayo huleta mwili moto na kuchanganyikiwa, hakikisha anapimwa akifika, hata kama kila mtu aliona alivyoanguka juani.

Friji, chungu na dawa

Friji isiyofunguliwa huhifadhi ubaridi kwa muda wa saa nne. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyo nusu saa 24. Kwa hiyo umeme ukiwapo, jaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji, ukiacha sehemu ya kumi ya juu wazi ili barafu isipasue chupa. Umeme ukikatika, hamisha chupa mbili au tatu kwenye friji, funga, na waambie watoto wasifungue.

Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 500 juu ya barafu na uache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu chini, vyote viliyeyuka na kuganda tena. Nyama hiyo itupwe. Nyama, samaki, maziwa, wali na maharage yaliyopikwa vikikaa nje zaidi ya saa mbili, au saa moja tu joto likipita nyuzi 32, havifai tena. Kupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa na bakteria, hasa kwenye wali. Wakati wa mgao, nunua nyama ya mlo mmoja, chemsha maziwa mara yanapofika na yatumike siku hiyohiyo, na egemea vyakula vikavu kama mukene (dagaa), njugu na kunde.

Chungu ndani ya chungu hufanya kazi vizuri Karamoja na kaskazini mwezi wa kwanza, kwa sababu hewa kavu hunyonya maji haraka na kupoza udongo. Kando ya Ziwa Victoria, Entebbe au Jinja, hewa imeshabeba unyevu na faida ni ndogo. Chagua vyungu viwili visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, kimoja kiingie ndani ya kingine kikiacha nafasi ya sentimita 3 hadi 5 pande zote. Jaza nafasi hiyo mchanga safi, lowesha mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kibichi, kiweke kivulini penye upepo. Ukikificha kabatini hakipoi. Nyanya, mboga za majani na matunda hukaa vizuri humo. Nyama na maziwa, hapana.

Insulini, dawa ya kisukari, ndiyo inayofanya chungu hiki kistahili kazi yake. Nyingi hukaa hadi siku 28 nje ya friji mradi zisipite nyuzi 30, lakini soma karatasi yake, kwani aina hutofautiana. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, iweke ndani ya chungu pamoja na kipimajoto kidogo. Isiguse barafu kamwe: iliyoganda imekufa, hata kama macho hayaoni tofauti.

Umeme wa akiba

Kwanza hakikisha ni mtaa mzima. Angalia kama majirani wana taa, kama swichi kuu imeruka, na kama yuniti za Yaka, mita ya kulipia umeme kabla, zimebaki. Nunua yuniti kabla hazijakaribia kwisha, maana kuzinunua kwa simu kunahitaji simu yenye chaji na mtandao, na minara ya simu nayo huishiwa betri umeme ukikawia kurudi.

Kisha andika unachohitaji kweli usiku mmoja. Feni ya volti 12 yenye wati 20 kwa saa 8 ni wati-saa 160. Taa tatu za LED za wati 5 kwa saa 5 ni 75. Simu mbili ni 30. Jumla 265. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini tumia nusu tu, yaani 600, ama itakufa ndani ya muda mfupi. Hiyo ni zaidi ya usiku mbili. Betri ya gari haifai hapa. Imetengenezwa kuwasha injini mara moja, si kutolewa umeme polepole usiku kucha. Paneli ya wati 100, kwa saa 5 za jua zuri na upotevu wa asilimia 30, hurudisha wati-saa 350 kwa siku. Inatosha.

Friji usiiingize kwenye hesabu hii. Hula karibu wati-saa 1,000 kwa siku, na mota yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, ndiyo sababu inveta ndogo, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, huzima kila inapojaribu kuwaka.

Paneli iinamishwe angalau nyuzi 10 ili mvua iioshe, na isigusane na bati. Acha sentimita 10 za hewa chini yake. Kwa waya usiozidi mita 10, tumia wa milimita za mraba 4. Fyuzi ya ampea 20 ikae karibu na ncha chanya ya betri, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu waya ukigusana bila fyuzi betri inaweza kuchoma nyumba. Kidhibiti chaji kiunganishwe kwa mpangilio huu: betri, halafu paneli, halafu taa na feni. Kukitenganisha, rudi kinyume. Ukianza na paneli, vidhibiti vingi huharibika au husoma volti isiyo sahihi.

Betri ya asidi ikae penye hewa na mbali na ukuta wa magharibi. Kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza maisha yake karibu nusu, na wengi huzipoteza kwa sababu hii bila kujua. Aina ya kuongezwa maji hupewa maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe si asidi, na baada ya kujaa chaji. Ikipumzishwa ikasoma karibu volti 12.1, umeshatumia nusu yake.

Feni yenyewe ina kikomo. Hewa ya chumba ikikaribia nyuzi 40, feni huupulizia mwili mkavu joto tu. Lowesha ngozi au vaa kanga mbichi kisha kaa mbele yake.

Jenereta iwe nje, angalau mita 6 kutoka kwenye dirisha lolote, moshi ukielekea mbali na nyumba zote, pamoja na ya jirani. Isubiri ipoe kabla ya kuongeza petroli. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima: umeme hurudi mpaka kwenye nguzo na kumuua fundi anayetengeneza laini akidhani haina moto. Fundi mwenye leseni aweke swichi ya kubadilisha chanzo.

Umeme unaporudi

Mara tu unapokatika, chomoa friji, televisheni na pasi, acha taa moja iwe alama. Dakika za kwanza za kurudi huja na volti inayopanda na kushuka, ndiyo inayounguza kompresa na chaja. Frijigadi nzuri, kifaa cha kulinda friji dhidi ya volti mbaya, hungoja dakika 3 hadi 5 kabla ya kupitisha umeme. Kama huna, hesabu dakika hizo mwenyewe, tazama kama taa ile inawaka sawasawa bila kupepesa, ndipo uchomeke friji peke yake kwanza. Taa ikiwaka kwa ukali usio wa kawaida au ikififia, zima swichi kuu na uripoti kwa msambazaji wa umeme. Kisha jaza jerikani zilizotumika, rudisha chupa za maji kwenye friza, na chaji simu zote kabla ya kitu kingine, kwa kuwa umeme uliorudi saa moja jioni unaweza kukatika tena saa mbili.